Mfereji wa Pipa: Shilingi 2,000 au 25,000?

Pampu yangu niliiua mwenyewe, tena kwa kufunga mfereji. Ilikuwa uani, katika nyumba ya kupanga hapa Liwatoni. Pipa la buluu limejaa maji ya mvua, pampu ndogo ya nusu hosipawa iko kando yake, na mpira wenye koki ya plastiki mwishoni. Nilikuwa nikiosha baraza. Jirani akaniita mlangoni, nikafunga koki, nikaenda kumsikiliza. Mazungumzo ya mlangoni Mombasa hayana dakika tano. Niliporudi bomba limelegea kama tambi, maji yaliyokuwa tumboni mwa pampu yanatoa mvuke, na mota inanuka kuungua. Shilingi 4,500 zilikwenda kwa sababu sikutaka kutembea hatua sita hadi kwenye swichi.

Fundi aliyekuja kuitazama hakunionea huruma. "Mama, pampu si mfereji wa kanjo," aliniambia. "Wa kanjo ukiufunga, maji yasubiri. Hii ukiifunga, yaendelea kuchapa tu."

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza anunue mfereji gani kwa ajili ya pipa lake namrudisha nyuma kidogo. Kwanza aamue maji yatatoka kwa nguvu ya nini. Yaweza kutoka kwa uzito wake yenyewe, kwa kusukumwa na pampu, au kwa kupandishwa kwanza hadi tangi la juu. Mfereji wenyewe ni kitu cha shilingi mia chache katika hesabu zote tatu. Kinachobadilika ni kile kilicho nyuma yake, na hapo ndipo watu hutumia mara kumi ya walichohitaji. Bei nitakazotaja ni za kuulizia madukani mjini. Duka na duka hutofautiana, kwa hiyo zichukue kama kipimo.

Pipa lenyewe lina sababu yake: kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mferejini hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Marere katika milima ya Shimba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vya Tiwi upande wa kusini. Yakifika kwetu yamekwisha kugawanywa njiani, na mtaa una siku zake za kupata na siku zake za kutazama mfereji ukikohoa hewa. Anayechimba kisima karibu na bahari aweza kupata maji ya chumvi ambayo sabuni haitaki kutoa povu. Ndiyo maana mikokoteni ya mitungi haijawahi kukosa kazi. Wareno nao walipojenga Fort Jesus, kati ya mwaka 1593 na 1596, hawakutegemea kisima peke yake. Mle ndani lipo birika la kukusanyia maji ya mvua.

Mtungi wa lita 20 hupatikana kwa shilingi 20 siku za neema, na 30 hadi 50 mifereji ikikauka. Pipa la lita 210 ni mitungi kumi na nusu. Kwa bei ya 30, pipa lililojaa mvua ni shilingi 315 ambazo hukumlipa mtu. Hesabu hiyo iweke kichwani, kwa sababu ndiyo itakayotuambia kifaa kipi chajilipa na kipi ni mapambo.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa dogo la mabati la mita 40 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20, ambayo mwezi wa Mei hakuna anayeistaajabia, linatoa lita 800. Toa sehemu moja ya tano inayorukia nje ya gata na kuvujia kwenye maungio, zabaki lita 640. Pipa moja limejaa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo maji yamekwenda zake barabarani. Mwenye pipa moja anayefikiria pampu anatafuta njia ya kumaliza upesi maji ambayo hakuyaweka. Pipa la pili ni nusu ya bei ya pampu ya rahisi. Ukiyaunganisha chini kwa kipande cha bomba, maji hulingana yenyewe na mfereji mmoja hutosha yote mawili.

Mapipa yenyewe yako ya namna mbili. Lile lenye matundu mawili madogo juu hupatikana kwa shilingi 1,500 hadi 2,500. Lile la mfuniko mzima wenye mkanda wa chuma ni 2,200 hadi 3,500. Uliza lilibeba nini. Mafuta ya kupikia au sharubati, sawa, utaosha kwa maji moto na sabuni. Kemikali au dawa ya shambani, usilichukue hata ukipewa bure, na ikiwa muuzaji hajui lilibeba nini, hesabu kwamba lilibeba sumu. Mimi hununua la mfuniko mzima ingawa ni ghali, kwa sababu moja tu: mkono wahitaji kuingia ndani ili kukaza mfereji. La matundu madogo lina hila yake. Mafundi hulipindua, wakakata lililokuwa tako liwe mdomo, na tundu la juu sasa likawa chini, tayari lina nyuzi za kufungia bomba. Hakuna kutoboa, hakuna kuvuja, ila lazima likalie kitu chenye nafasi katikati, na utalinunulia mfuniko.

Njia ya kwanza, ya maji kushuka yenyewe, ndiyo inayodharauliwa na ndiyo ninayoipenda. Wahitaji konekta ya tangi (shilingi 100 hadi 250), mfereji, tepi nyeupe ya kuzungushia nyuzi (30 hadi 50), mawe manane au kumi ya kuinulia pipa, na fundi wa shilingi 500 hadi 1,000. Yote pamoja, bila pipa, ni kati ya 1,500 na 2,500. Ukilinganisha na mikokoteni, pipa likijaa mara nane gharama imerudi, na masika hulijaza mara nane bila kusumbuka.

Kazi huharibikia kwenye tundu. Fundi wa haraka huchoma plastiki kwa chuma cha moto, na tundu la kuchoma halitoki la mviringo. Hutoka kama yai. Mpira wa konekta hauwezi kuziba yai. Mwambie aje na drili na kipekecho cha duara: milimita 21 au 22 kwa konekta ya nusu inchi, 27 kwa ya robo tatu. Mpira mmoja ukae ndani na mwingine nje, kwa kuwa ukuta wa pipa umepinda na konekta ni bapa. Tepi iende kwenye nyuzi za mfereji, si chini ya mpira. Na tundu liwe sentimita 10 hivi kutoka chini, ili mchanga na kutu ya mabati vibaki vimelala chini pasipo kuingia mtungini. Utapoteza lita 20 na kitu za chini kabisa. Hizo ni za kumwagia mchaichai.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulisema kinyume. Watakwambia pandisha pipa juu zaidi upate presha. Mfereji ukiwa umefungwa kwenye pipa lenyewe, kulipandisha hakuongezi chochote, kwa sababu kinachosukuma ni kimo cha maji juu ya mfereji, na kimo hicho hakibadiliki hata ukilipeleka pipa ghorofani. Mawe ni ya kupata nafasi ya mtungi kukaa chini ya mfereji. Sentimita 50 au 60 zatosha. Faida ya kupandisha huja pale tu unapofunga mpira ukaushusha chini, au bomba likaingia chooni kwa upande wa pili. Na kumbuka pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 210. Nimeona kiti cha mbao kikikubali siku ya kwanza na kukataa siku ya nne.

Kwa presha ndogo namna hiyo, ukubwa wa tundu la mfereji una maana kuliko jina la kiwanda. Mfereji wa kawaida wa kuzungusha, wenye mpira wa kukandamiza ndani, huyalazimisha maji kupinda mara mbili. Ule wa kugeuza robo mzunguko hufunguka wazi moja kwa moja. Chukua wa robo mzunguko, na ukiweza chukua wa robo tatu ya inchi badala ya nusu. Tofauti ya bei haifiki 300. Kwa wa nusu inchi mtungi hujaa kwa dakika mbili hivi pipa likiwa limejaa, na kama nne maji yakikaribia kwisha. Ni polepole, nakubali. Lakini stima ikikatika, mwendo ni uleule.

Njia ya pili ni ya pampu kusukuma hadi mferejini, ile iliyoniumbua. Pampu ndogo za nusu hosipawa kutoka Uchina ziko kati ya shilingi 4,000 na 6,000. Za Italia zenye umbo hilohilo hufika 10,000 hadi 15,000. Nyingi zimeandikwa ubavuni kwamba hupandisha maji mita 35 au 40 na kutoa lita 35 au 40 kwa dakika. Usizisome kwa pamoja. Mita hizo ni wakati maji hayatoki hata tone, na lita hizo ni wakati hayapandi popote. Nyumba ya ghorofa moja tegemea lita 25 hivi kwa dakika, na huo ni mwendo mzuri sana.

Hatari iko kwenye kufunga. Pampu za aina hii, zenye gurudumu dogo la shaba linalozunguka kwa kubanana na ukuta, hula umeme mwingi zaidi mfereji ukiwa umefungwa kuliko ukiwa wazi. Nguvu yote hiyo haina pa kwenda ila kwenye nusu lita ya maji iliyomo ndani, na dakika chache zatosha kuyachemsha. Bomba la plastiki hulegea, mpira wa kuzuia maji kwenye ekseli huungua, mota hufuata.

Kwa hiyo ukitaka mfereji mbele ya pampu, kitu cha kununua ni kile ambacho mafundi hukiita kontrola: kijisanduku kinachofungwa juu ya pampu, kikaizima maji yakiacha kutembea na kuiwasha mfereji ukifunguliwa. Ni shilingi 2,000 hadi 3,500. Kizuri huzima pia pipa likikauka, na hilo ni la maana kwa sababu pampu ikizunguka bila maji hufa upesi kuliko ikizunguka mfereji umefungwa. Fundi atakayekwambia "si lazima, utakuwa unazima mwenyewe" ana imani kubwa na kumbukumbu yako. Ongeza bomba na viungo vya 1,500, valvu ya kuzuia maji kurudi ya 300 hadi 800, na fundi wa stima wa kuweka swichi yenye kukata umeme ukivuja, kwa kuwa hapo ni uani, miguu imelowa, na volti ni 240. Hesabu inaanzia 10,000, na kwa pampu ya Italia yapita 20,000. Waya wa kuunga kwa tepi nyeusi usiukubali hata kwa usiku mmoja.

Kontrola nayo ina tabia yake. Mfereji ukidondoka tone moja moja, presha hushuka, pampu huamka, hupiga kidogo, hulala, huamka tena. Usiku kucha uani kuna mtu anakohoa. Ndiyo sababu kwenye njia hii usibane pesa ya mfereji: mfereji wa 150 uliovuja kwenye pipa la kawaida hukupotezea kikombe cha maji, lakini mbele ya kontrola hukuvunjia pampu.

Umeme wenyewe si gharama ya kuogopa. Pampu ya nusu hosipawa huvuta kama wati 600. Kujaza au kumaliza pipa zima ni dakika nane au tisa, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Hata uniti ikiwa shilingi 30, hazifiki tatu. Kinacholiwa ni pampu, hasa na mchanga wa paani, kwa sababu nafasi kati ya gurudumu na ukuta ni ndogo kuliko punje. Weka kichujio. Na pampu iliyokaa tangu masika hadi vuli bila kuguswa hushikana kwa kutu. Kabla ya kuiwasha, chomoa umeme, uizungushe ekseli kwa bisibisi kupitia upande wa feni. Ikivuma bila kuzunguka, zima mara moja.

Njia ya tatu waijua wote wenye nyumba: pampu yapandisha maji hadi tangi la darini, mifereji yote yashuka kutoka huko. Hapa mfereji haukutani na pampu kabisa, na pampu huwashwa mara moja kwa siku. Ongeza tangi la lita 500 (4,500 hadi 6,500), floti ya kuizima tangi likijaa (600 hadi 1,200), bomba na jukwaa. Jumla ni 15,000 hadi 25,000 na zaidi. Kwa nyumba yenye tangi la chini na pampu tayari, gharama ni kulielekeza gata tu. Lakini usiunge bomba la mvua na la kampuni ya maji pasipo valvu ya kuzuia kurudi. Siku bomba la mtaa likiwa tupu, maji ya paani kwako yataingia humo, na jirani hakuomba kunywa kinyesi cha kunguru.

Kunguru si mzaha Liwatoni. Gati la wavuvi liko hapo chini, na matumbo ya samaki hupanda juu ya mabati kwa mdomo wa ndege. Yaache maji ya robo saa ya kwanza yapite nje baada ya ukame, na ya kunywa yachemshwe hata yakionekana meupe kiasi gani. Kwa kufua na kuogea hayana mpinzani, sabuni hushika mara moja.

Faida kubwa ya mfereji sikuielewa hadi nilipoutumia: mfuniko haufunguliwi tena. Pipa la kuchota kwa kata hushinda wazi, na mbu wa dengi hutaga hapohapo ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Wiki moja au kidogo zaidi, wametoka. Mombasa tulipata dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na waliougua wanakumbuka viungo vyao vilivyouma. Kipande cha wavu wa mbu kwenye tundu la kuingilia na kingine kwenye bomba la kufurikia havifiki shilingi 200. Kama kuna kitu kimoja cha kununua leo kabla ya vyote, ni wavu huo.

Kuhusu mfereji wenyewe, upepo wa hapa una chumvi na haumhurumii mtu. Ule wa kung'aa wa 250 hadi 400 mara nyingi ni zinki iliyopakwa. Ndani ya nyuzi ni kijivu, na baada ya mwaka shingo hukatika mkononi. Wa shaba halisi, 600 hadi 1,200, ni mzito na ndani ya nyuzi ni njano. Ukwaruze kwa ufunguo kabla ya kulipa, na muuzaji akikasirika umepata jibu. Wa plastiki wa 100 hadi 250 hauna kutu, ila jua huupasua, kwa hiyo ufunge upande wenye kivuli. Kwa mpangaji atakayehama, plastiki yatosha.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye uani na ndoo, asiye na ghorofa ya kupandishia, hana haja ya pampu. Anahitaji pipa la pili. Mwenye kuosha magari au mazulia kwa biashara anunue pampu na kontrola siku moja, risiti moja, au asinunue kabisa. Mwenye nyumba ya ghorofa aende njia ya tatu na asitafute ya mkato.

Mimi sikununua pampu nyingine. Pipa la pili 2,200, konekta tatu 450, bomba na valvu ya kuunganisha 400, mfereji wa shaba 850, tepi 50, mawe manane 480, fundi 1,000. Jumla 5,430, na mapipa yote mawili hushusha maji kwa mfereji mmoja. Ni shilingi 930 zaidi ya pampu niliyoiua.